Kuhama Akaunti ya Simu Bila Kupoteza Majina, Picha na Meseji

Akaunti ya simu janja ndiyo inayoiambia simu vitu vilivyomo ni vya nani, na nakala zake zipelekwe wapi. Kwenye simu za Android, yaani Tecno, Itel, Infinix, Samsung na nyingine nyingi zinazoshikwa Ikungi, Puma, Issuna na Singida mjini, akaunti hiyo ni ya Google, na wengi huiita Gmail basi. Bila hiyo Play Store haishushi programu. Ndiyo maana simu nyingi huwekewa akaunti siku ileile ya kununuliwa, tena na mtu asiye mwenye simu: muuzaji, fundi, au mtoto wa kaka aliyekuja likizo. Anaingiza Gmail yake au anatengeneza nyingine papo hapo, anaweka nywila inayomjia kichwani, na mwenye simu anaondoka na WhatsApp inayofanya kazi. Mwaka mmoja au miwili baadaye swali linakuja, karibu kila mara kwa maneno yaleyale: akaunti ya fundi itaondolewaje na kuwekwa ya mwenye simu, bila majina, picha na meseji kupotea?

Kuweka akaunti mpya hakupotezi kitu. Simu moja hubeba akaunti mbili, tatu au zaidi kwa wakati mmoja bila kugombana. Kinachopoteza vitu ni kuondoa ya zamani kabla ya kuhamisha kilichomo. Kwa hiyo kuondoa ni hatua ya mwisho kabisa, na kati ya kuweka mpya na kuondoa ya zamani ni vema zipite siku saba au zaidi.

Dalili kwamba akaunti si ya mwenye simu

- Katika orodha ya majina wametokea watu wasiojulikana: "Mama Neema Kioo", "Juma Betri", "Dogo Chaji". Hao ni wateja wengine wa fundi huyohuyo.
- Ikifunguliwa Play Store, pembeni juu kuna herufi au picha ya mtu mwingine, au jina la duka.
- Hakuna nyumbani anayejua nywila.
- YouTube inapendekeza vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuvitafuta.

Dalili ya kwanza ndiyo nzito. Fundi aliyetumia Gmail moja kwenye simu thelathini ameziunganisha simu hizo bila kukusudia. Jina linalohifadhiwa kwenye simu moja chini ya akaunti hiyo linaweza kuonekana kwenye nyingine zote, na picha zinaweza kwenda mahali pamoja. Tena anayeijua nywila anaweza, akiwa mbali, kuona simu ilipo, kuifunga, hata kuifuta. Mara nyingi fundi hana nia mbaya. Alitaka kuokoa dakika kumi za kutengeneza akaunti kwa kila mteja. Hata hivyo taarifa za watu zimechanganyika, na tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 jambo hilo si la mzaha tena.

Kila kitu kinakaa wapi

Kabla ya kugusa chochote ni lazima kujua kitu gani kinakaa wapi, maana vitu vya simu havikai mahali pamoja.

- Majina na namba: kwenye akaunti ya Google, kwenye kumbukumbu ya simu, au kwenye laini. Mara nyingi ni mchanganyiko wa vyote vitatu.
- Picha na video: kwenye simu yenyewe au kadi ya kumbukumbu, baadhi zipo mtandaoni tu.
- Meseji za kawaida: kwenye kumbukumbu ya simu.
- Mazungumzo ya WhatsApp: kwenye simu, na nakala yake kwenye akaunti ya Google ikiwa nakala iliwahi kufanyika.
- Salio la M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa: kwenye mtandao wa simu, chini ya namba. Halimo ndani ya simu hata kidogo.

Mstari wa mwisho hujibu hofu inayowasumbua wengi kuliko zote. Kubadilisha Gmail, kufomati simu, hata simu kutumbukia kisimani, hakugusi pesa iliyo chini ya namba.

Wi-Fi ambayo haipo

Hapa kuna jambo ambalo maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa watu wa mijini hulipita. Google Photos na nakala ya simu nzima, zikiachwa kama zilivyotoka kiwandani, husubiri Wi-Fi. WhatsApp nayo mara nyingi imepangwa hivyo. Nyumba nyingi za Sepuka, Ihanja au Mang'onyi zina bando la simu tu. Mwenye simu anaamini kwamba vitu vyake "viko kwenye Gmail" kwa sababu aliwahi kukubali nakala zifanyike, kumbe simu imesubiri Wi-Fi kwa miaka miwili na haijapeleka hata picha moja.

Kwa hiyo jambo la kuangalia kwanza ni tarehe ya nakala ya mwisho. WhatsApp huionyesha waziwazi kwenye Mipangilio, sehemu ya gumzo, penye nakala. Ikiwa hapo hakuna tarehe, au kuna ya mwaka juzi, basi hakuna nakala, hata kama kila mtu nyumbani anasema ipo.

Kuna njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kuruhusu nakala zifanyike kwa bando, kisha kuondoa video kwenye nakala ya WhatsApp, kwa kuwa video ndizo zinazokula bando; mazungumzo yenyewe ni mepesi. Ya pili ni kuomba Wi-Fi ya mtu au ya ofisi kwa saa moja. Vyovyote iwavyo, simu iwe na chaji ya kutosha. Umeme ukikatika katikati ya kazi na chaji ikaisha, nakala inaweza kuanza upya na bando likawa limeliwa.

Kutengeneza akaunti mpya

Hatua yenyewe ni nyepesi, na ndiyo inayofanywa kwa pupa kuliko zote.

1. Kwenye Mipangilio ifunguliwe sehemu ya akaunti, ichaguliwe kuongeza akaunti, kisha Google, kisha kutengeneza mpya.
2. Jina liwe la mwenye simu. Tarehe ya kuzaliwa iwe ya kweli. Mafundi wenye haraka huweka tarehe yoyote, na ikionekana mwenye akaunti ni mtoto chini ya miaka 13, Google inaweza kuifunga.
3. Namba ya simu ya kurejeshea akaunti iwe laini ya mwenye simu mwenyewe, iliyosajiliwa kwa alama zake za vidole na inayotumika kila siku.
4. Anwani na nywila viandikwe kwenye daftari, na daftari likae panapokaa kitambulisho cha NIDA.

Wapo watakaosema nywila haiandikwi kwenye karatasi. Kwa ofisi yenye watu hamsini ni kweli. Kwa mkulima wa alizeti anayeingiza nywila mara moja kwa miaka miwili, hatari kubwa ni kusahau, na daftari lililofungiwa sandukuni ni salama kuliko kichwa. Asichotakiwa kufanya ni kuiandika nyuma ya kava la simu.

Namba iliyotajwa kwenye hatua ya tatu si ya kuwekwa kwa mazoea. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na baadaye namba hiyo hupewa mteja mwingine. Namba za siri za kurejesha akaunti zitakuwa zikimwendea mtu huyo.

Majina

Kwa dalali wa kuku au mnunuzi wa alizeti, majina ndiyo mali iliyomo kwenye simu. Picha inaweza kupigwa tena; namba ya mkulima aliyeahidi magunia ishirini haipatikani kwa kukumbuka.

Kazi inaanzia kwenye programu ya majina, ambayo kwenye simu iliyowekwa Kiswahili huitwa Anwani. Humo kuna sehemu ya kutoa majina yote yawe faili moja lenye mwisho wa .vcf. Faili hilo ni dogo mno: majina mia tano yasiyo na picha hayafiki hata uzito wa picha moja ya kamera. Liwekwe kwenye kadi ya kumbukumbu na lingine litumwe kwa mtu wa kuaminika nyumbani kwa WhatsApp au Bluetooth. Kisha utaratibu ni huu:

1. Kutoa majina ya akaunti ya zamani kwenye faili.
2. Kutoa majina ya kumbukumbu ya simu na ya laini kwenye mafaili mengine, ikiwa programu inayatenga.
3. Kuingiza mafaili hayo, na simu ikiuliza yaingie wapi, kuchagua akaunti mpya.
4. Kuwasha intaneti na kusubiri yapande.
5. Kubadilisha mahali pa kuhifadhia majina mapya, yaende kwenye akaunti mpya. Hatua hii husahaulika kuliko zote, na matokeo yake ni kwamba namba zilizohifadhiwa baada ya kuhama zinaendelea kwenda kwa fundi.

Majina yanaweza kuonekana mawili mawili. Si kosa. Moja ni la akaunti ya zamani, lingine ni la mpya. Ya zamani ikiondolewa yatabaki moja moja. Anayeanza kuyafuta hapo kwa kuona yamejaa anaweza kufuta la akaunti mpya na kubaki na lile litakaloondoka.

Kuna onyo kubwa zaidi kuhusu wale watu wasiojulikana, akina Juma Betri. Wasifutwe wakiwa ndani ya akaunti ya fundi. Jina linalofutwa kwenye akaunti ya Google hufutika kwenye kila simu yenye akaunti hiyo, na fundi ataamka akute wateja wake wametoweka. Wafutwe baadaye, wakiwa kwenye akaunti mpya, ambako hawamhusu mtu mwingine. Na kama kosa limeshafanyika, Google huweka majina yaliyofutwa kwenye pipa lake kwa siku 30, na ndani ya siku hizo yanarudishwa.

Namna ya kuhakiki: programu ya Anwani huonyesha idadi ya majina kwa kila akaunti. Idadi ya zamani na ya mpya zilinganishwe. Kisha yatafutwe majina kama matano, likiwemo la zamani kabisa na la jana, na kila moja lifunguliwe kuona kama namba ipo. Jina bila namba hutokea.

Kuhusu kuhamishia majina kwenye laini, njia ambayo wazee wengi wanaiamini kwa kuwa iliwafaa enzi za kitochi: inafaa kama akiba, haifai kama makazi. Laini nyingi hubeba majina yapatayo 250, hukata majina marefu, na huchukua namba moja tu kwa kila mtu. Na laini ikipotea, kurenyu laini hurudisha namba na pesa, hakurudishi majina yaliyokuwa juu yake.

Picha

Picha zilizomo kwenye simu zinabaki kwenye simu hata akaunti ikiondolewa. Zinazotoweka ni zile zilizopo mtandaoni tu, na hizo hutokana na kitufe kimoja cha Google Photos kinachojitolea kupunguza mzigo wa simu. Kinapobonyezwa, picha ambazo nakala zake zimefika mtandaoni hufutwa kwenye simu. Mwenye simu anaendelea kuziona kama kawaida, kwa hiyo hajui kwamba zimehamia kwenye akaunti ya mtu mwingine.

Kipimo chake ni rahisi. Intaneti izimwe kabisa, kisha picha za zamani zifunguliwe moja moja. Inayofunguka vizuri ipo kwenye simu. Inayobaki na ukungu, au inayodai intaneti, ipo mtandaoni tu, na lazima ishushwe kabla ya kuhama. Baada ya kushusha, nakala ya picha zote ihamishiwe kwenye kadi ya kumbukumbu au kompyuta.

Google hutoa nafasi ya GB 15 bure kwa kila akaunti, na nafasi hiyo hugawanywa kati ya barua pepe, picha na mafaili mengine. Tangu Juni 2021 picha za kawaida hazipandi tena bila kuhesabiwa, na nakala za WhatsApp kwenye Android nazo sasa huhesabiwa humo. Kwa mwenye video nyingi za harusi, GB 15 hujaa mapema. Kadi ya kumbukumbu bado ina kazi yake, mradi isiwe ile ambayo simu imeigeuza kuwa sehemu ya kumbukumbu yake ya ndani. Kadi ya namna hiyo haisomeki kwenye simu nyingine.

Meseji

Kuhama akaunti kwenye simu ileile hakugusi meseji. Zinapotea pale simu inapofomatiwa, inapoflashiwa au inapobadilishwa.

Mtunza hazina wa VICOBA anayetegemea meseji za miamala kama ushahidi wa nani kalipa asingoje siku hiyo. Programu ya SMS Backup & Restore huzitoa meseji zote kwenye faili na kuzirudisha kwenye simu nyingine. Ishushwe Play Store tu. Programu inayosoma meseji inasoma pia namba za siri zinazotumwa kwa meseji, na ikitumwa na mtu kwa Bluetooth haijulikani imechezewaje. Kwa miamala michache, kupiga picha kioo cha simu kunatosha.

WhatsApp

WhatsApp inahitaji maelezo marefu kwa sababu inafuata vitu viwili kwa mpigo: namba ya simu na akaunti ya Google. Mtu anaingia kwa namba, lakini nakala ya mazungumzo yake imehifadhiwa kwenye Gmail. Ili mazungumzo yarudi kwenye simu mpya, vyote viwili lazima viwe vilevile vilivyokuwa wakati nakala inafanyika. Namba sahihi na Gmail nyingine, hakuna kitu. Gmail sahihi na namba nyingine, hakuna kitu.

Simu ileile, namba ileile, Gmail inabadilika. WhatsApp isifutwe. Ifunguliwe Mipangilio yake, sehemu ya gumzo, kisha nakala. Akaunti ya Google ibadilishwe iwe mpya, na nakala ifanyike hapohapo. Nakala ya zamani haihami yenyewe kwenda Gmail mpya, ni lazima ifanyike nyingine. Tarehe ya leo ikionekana, kazi imeisha.

Simu mpya, namba ileile. Gmail yenye nakala iwekwe kwenye simu mpya kwanza, kabla ya kufungua WhatsApp. Namba ikishathibitishwa, programu itauliza kama irejeshe nakala. Swali hilo huja mara moja. Anayebonyeza kuruka kwa kuona linamchelewesha atalazimika kuifuta programu na kuisakinisha upya ili aulizwe tena, na afanye hivyo kabla nakala mpya tupu haijafunika ile ya zamani.

Asiye na bando la kutosha ana njia nyingine, iliyoletwa mwaka 2023: simu ya zamani na mpya zikiwa mezani pamoja, WhatsApp ya zamani huhamisha gumzo kwa kuskani alama iliyo kwenye kioo cha mpya. Mazungumzo hupita moja kwa moja kutoka simu hadi simu. Namba iwe ileile, na simu ya zamani iwe bado nzima.

Namba inabadilika. Kuna sehemu maalumu ya kubadilisha namba ndani ya Mipangilio, upande wa akaunti. Inahamisha magrupu, mazungumzo na mipangilio yote, na ina hiari ya kuwajulisha watu. Laini mpya iwe na uwezo wa kupokea meseji muda huo. Baada ya kubadilisha, nakala nyingine ifanyike.

Jirani na sehemu hiyo pana kitufe cha kufuta akaunti, na hapo ndipo watu huumia. Kufuta akaunti ya WhatsApp humtoa mtu kwenye magrupu yote na kufuta mazungumzo pamoja na nakala yake ya mtandaoni. Hakuna fundi wa Ikungi wala wa Dar es Salaam anayeweza kuirudisha.

Laini mbili, simu moja. Tangu Oktoba 2023 WhatsApp ya Android inaruhusu akaunti mbili ndani ya programu moja. Zile WhatsApp za rangirangi, zisizo rasmi, zinazotumwa kwa Bluetooth hazina sababu ya kuwepo tena, na nakala zake huleta shida siku ya kuhama.

Namba sita zinazoletwa kwa meseji wakati wa kuingia asipewe mtu, awe ndugu, awe anayejiita mhudumu wa mtandao. Kuombwa namba hizo ni utapeli wa jamii moja na ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", ila huu unaiba akaunti nzima pamoja na magrupu yake. Anayepokea meseji za utapeli anaweza kuziripoti bure kwa namba 15040.

Laini, pesa na benki

Kwa kuwa namba ndiyo inayoshika kila kitu, ni busara kujua kwanza imesajiliwa kwa jina la nani. *106# inaonyesha usajili wa laini kwenye namba ya NIDA. Laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji wakati wa haraka za Januari 2020, zilipokuwa zinafungwa zile ambazo hazijasajiliwa, ni tatizo linalosubiri: ikipotea, ni shemeji tu anayeweza kuirenyu.

Programu za benki kama SimBanking ya CRDB na Mkononi ya NMB hazihami na Gmail. Kwenye simu mpya huingiwa upya kwa uthibitisho, na kwenye simu inayouzwa zitolewe kabla haijatoka mkononi.

Kuondoa akaunti ya zamani

Wiki imepita. Majina mapya yanaingia kwenye akaunti mpya, nakala ya WhatsApp ina tarehe ya karibuni, picha ziko kwenye kadi. Sasa, na si kabla, akaunti ya zamani inaondolewa: Mipangilio, akaunti, kuichagua, kuiondoa kwenye simu.

Wengi huogopa kwamba kuondoa ni kufuta. Kuiondoa kwenye simu huifanya simu iisahau tu. Vilivyomo vinabaki Google, na mwenye akaunti akirudi kuingia kwa nywila vinarejea. Kuifuta akaunti yenyewe ni kitendo kingine, kinafanyika mahali pengine, na kwa akaunti ya fundi si haki ya mwenye simu kukifanya.

Ikiwa akaunti ya zamani ni ya mwenye simu lakini nywila imesahaulika, wakati wa kuirejesha ni huu ingali ndani ya simu, kwa sababu Google huiamini zaidi simu inayoijua kuliko ngeni. Ikishatoka, mlango unakuwa mwembamba.

Kufomati

Wapo wanaoamini njia ya mkato ni kufomati simu ili akaunti ya fundi itoke yenyewe. Haitoki. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofomatiwa kwa nguvu, bila kupitia Mipangilio, ikiwa bado na akaunti huamka ikidai akaunti ileile, au angalau namba ya kufungulia kioo. Mwenye simu anakuwa amepoteza vitu vyote na bado anamtafuta fundi, ambaye huenda amehamia Manyoni. Mpangilio sahihi ni kuondoa akaunti kwanza, kisha kufomati, ikiwa kuna haja ya kufomati.

Hilohilo humhusu anayenunua simu iliyotumika mnadani. Kabla ya kutoa pesa, simu ifomatiwe mbele ya muuzaji na iwashwe upya. Ikidai akaunti ya zamani, muuzaji aiingize palepale. Asiyeweza, simu hiyo si yake, au ni yake na haifai kununuliwa.

Makosa yanayojirudia

- Kumpa fundi simu "aishughulikie" na kwenda kunywa chai. Mwenye simu akae naye.
- Kuamini nakala ambayo haijawahi kufunguliwa.
- Kuacha Gmail mpya kwa jina la mtoto wa shule ambaye mwakani anakwenda bwenini.
- Kutupa laini ya zamani kabla ya kubadilisha namba iliyo kwenye Gmail, WhatsApp na Facebook.
- Kuhama akaunti siku ya mnada au siku ya kupeleka mzigo wa vitunguu. Kazi hii ifanywe jioni tulivu, simu ikiwa kwenye chaji.

Akaunti ya zamani ambayo bado ina picha au barua isiachwe ikalala. Google huweza kufuta akaunti binafsi ambayo haijaingiwa kwa miaka 2, pamoja na kila kilichomo, na zoezi hilo lilianza Desemba 2023.